Lawama Tuigawe kama Mirathi

Assalamu alaikum, Mhariri.

Wiki hii mmetuuliza: je, binadamu ndiye wa kulaumiwa kwa joto la dunia na uharibifu wa mazingira, au ni mambo ya maumbile tu, yanakuja na kupita? Jibu langu ni ndiyo, ni binadamu. Ningeweza kuishia hapo nikawapunguzia kazi. Linalonikera ni hilo neno lenyewe, binadamu. Limekuwa kama shuka moja la watu wanane: kila mtu kajifunika, na hakuna anayeonekana miguu. Mie nataka kulifunua kidogo, na nitaanza na miguu yangu.

Naandika kutoka Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Nimesomesha sayansi skuli ya sekondari kwa miaka 29, sasa nimestaafu, nalima. Nyuma ya nyumba yetu ardhi inateremka mpaka kwenye bonde la mpunga. Chini ya bonde kulikuwa na tuta, nyuma ya tuta mikandaa (miti ya mikoko), nyuma ya mikandaa bahari. Siku hizi kuna bonde, kuna tuta lililomeguka mahali pawili, kuna visiki, kisha bahari.

Konde la mama yangu lilikuwa la tatu kutoka kwenye tuta. Mwaka mmoja, bamvua la mwezi wa Machi (bamvua ni maji ya bahari kujaa kupita siku nyengine, na anayeishi pwani anajua kuwa za Machi na Septemba ndizo kubwa) lilikuja usiku na upepo nyuma yake. Asubuhi tukateremka. Mpunga ulikuwa umefika magotini, umesimama ndani ya maji kama kawaida yake, na mtu mgeni asingeona kasoro. Mama akainama, akachovya kidole, akalamba. Hakusema kitu. Akachovya tena, akaniwekea mie mdomoni, mtu mzima na ndevu zangu, kama anamwonjesha mtoto dawa. Ilikuwa chumvi tupu.

Wiki ya kwanza majani yaliungua nchani, yakawa rangi ya kutu. Ya pili maji yalikauka na ardhi ikabaki na ukungu mweupe juu, ukiukwangua kwa kucha unatoka kama unga. Tulisubiri mvua za mwaka uliofuata ziioshe ile chumvi, zikaiosha nusu, halafu likaja bamvua jengine. Konde lile lililokuwa likitulisha mpaka karibu na vuli leo linaota majani ambayo hata ng'ombe anayanusa na kuondoka.

Barazani mzee mmoja akaniambia, "Kazi ya Mungu hiyo, Maalim. Bahari ni yake. Akitaka huivuta, akitaka huisukuma." Sikubishana naye, maana ni mkubwa wangu, na bahari kweli ni ya Mungu. Lakini Ijumaa iliyofuata khatibu akaingia kwenye ile aya ya Sura ya Rum isemayo kuwa ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Nikageuza jicho kumtafuta mzee wangu. Alikuwa anautazama mkeka. Na mie, kusema kweli, nikautazama wangu.

Kwa sababu mikono ile naijua. Mwaka 1988 nilikuwa najenga nyumba ili nioe. Niliingia kwenye ile mikandaa na panga na ndugu zangu wawili, tukatoka na korija tatu na nusu. Korija ni miti 20, kwa hiyo ni miti 70: nguzo, pau na fito, nyumba nzima. Hatukumwomba mtu ruhusa na hakuna aliyetuuliza. Kila kijana aliyeoa miaka ile alifanya hivyo hivyo. Ukihesabu vijana waliooa kijijini kwetu mpaka leo utapata ule uwazi ulioko nyuma ya tuta, karibu mti kwa mti.

Halafu kuna tanuri za chokaa. Msomaji wa mjini huenda hajaona tanuri likichomwa. Magogo yanapangwa duara, safu juu ya safu, mpaka inakuwa kama sinia kubwa, na mawe ya matumbawe yanarundikwa juu yake. Linawashwa jioni. Usiku mzima kijiji kinawaka mwanga mwekundu na watoto hawataki kulala. Asubuhi kuna rundo jeupe linalotoka mvuke ukilimwagia maji. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi wangu pale kuwasomesha kemia, kwa sababu maabara hatukuwa nayo. Nikiwaambia: jiwe la chokaa safi likiwa kilo 100, likiungua sawasawa hubaki kilo 56. Kilo 44 ziko wapi? Wanatazama chini, wanatazama kwenye majivu. Ziko juu. Zimepaa, ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, na hapo moshi wa magogo sijauhesabu. Viwanda vya saruji vinafanya kitu hicho hicho, ila tanuri zao hazizimwi asubuhi.

Basi hapo mtu atasema: mumeshajihukumu wenyewe, mumekata mikandaa, bahari imeingia, kesi imekwisha. Haijakwisha. Mikandaa ni mlango, na sie tuliuvunja mlango. Lakini mlango uliovunjika hauelezi kwa nini huyo aliyeko nje amekuwa mrefu zaidi.

Bahari ya dunia imepanda kiasi cha sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Nikilisema hili wavuvi wananicheka. Ni shubiri hiyo, Maalim! Hapa kwetu bamvua likijaa na likitoka maji yanapishana karibu mita nne, shubiri itamfanya nani nini? Nawajibu kuwa mama yangu hakuharibiwa konde na mita nne. Mita nne zilikuwepo tangu babu wa babu yake, na tuta lilijengwa kwa kuzijua. Aliharibiwa na kile kidogo kilichopita juu ya tuta. Ndoo ikiwa imejaa pomoni, hujui thamani ya kikombe kimoja mpaka ukimimine.

Na shubiri hiyo imetoka wapi? Sehemu ni barafu za milimani na za nchi za baridi zinazoyeyuka. Sehemu nyengine ni maji yenyewe kutanuka kwa joto. Jaza chupa mafuta ya nazi mpaka shingoni, iache juani uone yanavyopanda. Bahari nayo ndivyo.

Sasa nani kaipasha moto? Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali, na barazani kwetu wapo wajuzi. Mmoja alinitolea kimbunga cha mwaka 1872, kile kilicholaza mikarafuu ya Unguja na kutuachia sisi Wapemba ufalme wa karafuu. "Mwaka ule kulikuwa na gari ngapi, Maalim?" Swali zuri. Hakukuwa na hata moja. Kimbunga kile kilikuwa cha maumbile na hakuna anayekataa kuwa maumbile yana vituko vyake. Lakini mtu kufa kwa malaria mwaka 1872 hakumsafishi aliyeua kwa kisu mwaka 1972. Kila maiti ina uchunguzi wake.

Na uchunguzi umefanywa. Mwaka 1896 Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alikaa na kalamu akapiga hesabu kuwa hewa ya ukaa ikizidi angani dunia itapata joto. Hakuwa na kompyuta wala chama cha siasa. Mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling akaanza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa, kule Hawaii, na vipimo vinaendelea mpaka leo. Alikuta sehemu kama 315 katika kila milioni ya hewa. Sasa ni zaidi ya 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu yanaonyesha kuwa kabla ya viwanda ilikuwa kama 280.

Mtu anaweza kusema hewa hiyo imetoka baharini. Hewa ina alama. Kila kilicho hai, mkarafuu, pweza, mimi na wewe, kina kiasi kidogo cha kaboni-14, aina ya kaboni ambayo inapungua polepole kiumbe kikishakufa. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni viumbe vilivyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwao hiyo imekwisha kabisa. Katika miaka ya 1950 wanasayansi waliona kaboni-14 angani inachujuka, kama uji unavyochujuka ukiongezwa maji. Anayeongeza ni anayechoma vitu vya kale. Na kama jua ndilo lililokasirika, tabaka za juu za anga zingepata joto pia. Tabaka la juu linapoa, la chini ndilo linalopata moto, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lile la Umoja wa Mataifa, lilipoandika mwaka 2021 kuwa halina shaka binadamu ndiye aliyeipasha dunia, lilikuwa limechelewa kusema, halikukurupuka.

Narudi kwenye shuka. Marehemu ami yangu alikuwa hodari wa mirathi. Akiitwa kwenye msiba aligawa shamba mpaka mnazi wa mwisho: huyu thumni (moja ya nane), yule sudusi (moja ya sita), wale theluthi mbili, na hakuna aliyetoka na kinyongo. Nimejaribu kuigawa lawama hii kwa mtindo wake. Ukichukua hewa yote ya ukaa iliyotoka kwenye makaa, mafuta, gesi na saruji tangu viwanda vianze, Marekani peke yake ina karibu robo. Nchi za Umoja wa Ulaya ukizijumlisha na Uingereza zina kama humusi, yaani moja ya tano. China thumni na zaidi kidogo, na fungu lake linakua. Afrika nzima, kutoka Cairo mpaka Cape Town, na migodi yote ya Afrika Kusini ndani yake, ni kama asilimia 3. Pemba ndani ya asilimia 3 hizo mtafute kwa darubini. Kwenye mirathi ya mali jamaa huzuka hata wasiojulikana kijijini. Kwenye mirathi hii kila mmoja anamkana marehemu.

Dada yangu analima mwani. Zao hili lilianza Zanzibar mwaka 1989 na wengi wanaolishughulikia ni wanawake. Kuna aina mbili anazozijua: spinosamu, ambayo ni sugu lakini bei yake ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri lakini haivumilii joto. Alinionyesha kamba moja ya kotonii, maji ya mchana yakiwa ya uvuguvugu kama ya kuogea mtoto. Vishina vimepauka, ukivibinya vinateleza na kukatika mkononi. "Hii juzi ilikuwa nyekundu," akaniambia. Wataalamu wanashauri kupeleka mwani kwenye kina kirefu kidogo, maji yalikopoa. Ushauri mzuri. Dada yangu hajui kuogelea, na hana chombo. Yeye katika ile robo anadaiwa nini? Hata gari hajawahi kumiliki. Bei ya kotonii ndiyo ingemlipia bati.

Lakini mirathi ina sharti ambalo ami hakulisahau: deni hulipwa kwanza, kabla ya kugawa chochote. Hapo sijui nisimame wapi. Waya wa umeme uliokuja Pemba kutoka Tanga chini ya bahari mwaka 2010 ulitupumzisha na majenereta ya dizeli, na fedha zake nyingi zilitoka Norway, nchi iliyotajirika kwa mafuta na gesi. Niseme wamelipa? Wamelipa kidogo? Naandika barua hii chini ya taa ya umeme ule ule. Ninachojua ni kuwa waya haurudishi konde.

Na ninachokikataa ni tabia iliyoanza kuingia kwetu, ya kila kitu kusema "tabianchi". Wenzetu wa Unguja wamechimba mchanga wa kujengea mpaka mashimo yanameza mashamba, halafu mtu anasimama kwenye kipaza sauti anawalaumu wazungu. Mchanga ule haukuchukuliwa na joto, ulipakiwa kwenye malori kwa majembe ya kwetu, na aliyekuwa akisaini vibali ni wa kwetu. Mikandaa nayo ni yetu. Ile robo ya Marekani haiwezi kuzibeba korija zangu tatu na nusu, na korija zangu haziwezi kuifuta robo yao.

Mwezi uliopita tulitoka, watu kama 40, kupanda mikoko nyuma ya tuta. Mbegu zake ni ndefu, za kijani, kama bamia iliyorefuka. Unaichomeka kwenye tope kwa ncha, theluthi moja ndani, unasogea hatua moja, unachomeka nyengine. Nilijiwekea hesabu ya 70. Kwenye ya 30 mgongo ukawa umeshanikumbusha umri. Pembeni yangu bibi mmoja, tope limemfika magotini na kanga kaikwida juu, ndiye aliyewahi kunisikia barazani nikieleza habari za mafungu. Akanyanyuka, akashika kiuno.

"Maalim, na wale wenye robo yao, zamu yao saa ngapi?"

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka topeni. Nikatafuta jibu, sikulipata. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na mie nilikuwa nimebakiwa na 12.

Msomaji wenu,
Micheweni, Pemba