Kengele ya joto la friji ya dawa: hangaika na umeme kabla ya kihisi

Mkuu, umesema mama anatumia insulini, wewe safari haziishi, na unataka simu yako ilie friji ikianza kusumbua. Umeuliza ununue kihisi gani cha kupima joto. Nitakujibu hilo, halafu nihamie kwenye jambo ambalo hukuuliza, maana ndilo lililoniumiza mimi na dawa za baba.

Natumia DS18B20, kile kilichozibwa ndani ya kichuma kisichoingiza maji, na bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi inayosoma kihisi) imekaa nje ya friji. Nyaya ni tatu. Unaweka rezista (kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 4,700 kati ya waya wa data na waya wa chanya, basi. Kinakosea nusu nyuzi hivi juu au chini, na kwa kazi hii inatosha. Vile vya betri visivyo na waya sivipendi: bati la friji linazuia mawimbi, na betri huchoka upesi kwenye baridi. Waya mwembamba ulio bapa unapita vizuri chini ya mpira wa mlango, upande wa bawaba. Ukishaupitisha, funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi jirani na huo waya, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, pana upenyo hapo, usogeze.

Kabla ya kukitumia, kipime. Ponda barafu ujaze glasi, tia maji kidogo, koroga, tumbukiza kihisi dakika 5. Kinatakiwa kisome 0. Changu kilisoma 0.4, nikaitoa hiyo tofauti kwenye programu.

Na usikiache kikining'inia hewani! Kitumbukize kwenye kichupa cha gliserini (kimiminika kizito kinachobadilika joto polepole), ukiweke pale pale dawa zilipo. Mlango ukifunguliwa hewa ya ndani hupanda joto mara moja, lakini dawa yenyewe bado ni baridi. Mwanzoni sikulijua hili. Jioni moja kengele ililia mara tano, na kufikia ya tano hapakuwa na mtu nyumbani aliyenyanyuka kwenda kutazama.

Mipaka ya insulini ambayo haijafunguliwa ni nyuzi 2 hadi 8. Watu wengi wanaogopa joto tu. Mimi naogopa zaidi baridi. Aina nyingi za insulini huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki kadhaa (soma karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa ya mama), lakini ikiganda ndiyo basi, hata ikiyeyuka haifai tena, na kwa macho unaweza usiione tofauti. Kwa hiyo upande wa juu nimeweka subira ya dakika 30, ila ikishuka hadi 2.5 kengele inalia papo hapo. Dawa zisigusane na ukuta wa nyuma wa friji.

Sasa lile jambo lenyewe. Usiku mmoja umeme ulikatika. Bodi ilikuwa na betri yake, ikaendelea kupima kama kawaida, lakini ruta ilizimika pamoja na friji, kwa hiyo taarifa haikuwa na pa kupitia. Mimi niko mbali, simu iko kimya, nikalala nikiamini mambo ni shwari. Asubuhi nafungua grafu, mstari umekatikia saa 7 na dakika 12 usiku. Baada ya hapo patupu.

Nikageuza mpango mzima. Bodi hutuma salamu kila dakika 5 kwenye sava, yaani kompyuta ya mtandaoni iliyo nje ya nyumba. Salamu tatu mfululizo zisipofika, sava ndiyo inayonipigia simu. Inapiga kabisa, maana meseji ya saa 9 usiku huisomi. Nisipopokea mimi, inampigia jirani mwenye ufunguo. Ruta nayo nimeipa betri ya akiba. Ukiweza, ongeza kifaa cha kutumia laini ya simu, ila hiyo laini uikague salio mara kwa mara.

Kwenye programu, ukiona nyuzi 85 ghafla usishtuke: ndiyo namba anayoitoa DS18B20 akiwa amewashwa tu na hajapima. Hasi 127 ni programu inakwambia haimpati kihisi, mara nyingi waya umelegea. Usizitupe hizo namba kimyakimya, zipe ujumbe wake, "kihisi hakisomeki".

Kabla hujasafiri, zima swichi kuu ya nyumba na betri ya akiba ya ruta, utoke nje na simu yako, usubiri dakika 20 uone kama sava itakupigia. Mimi nafanya hivyo kila mwezi. Ukikwama kwenye programu, weka hapa ulichoandika na aina ya bodi yako, nitakuangalizia.