Dagaa niliowaiba nao wameibwa: je, deni bado ni langu?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Nilikuwa kibarua Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Usiku mmoja niliiba magunia mawili ya dagaa ya mfanyabiashara mmoja, nikayaficha nyuma ya kibanda. Alfajiri akatokea mtu, kalamu sikioni, daftari kwapani: "Ushuru wa mzigo huu umelipiwa wapi?" Nikampa elfu ishirini aniache. Akazitia mfukoni, akasema mzigo unakwenda ofisini, na mimi mwenyewe nikamsaidia kuupakia kwenye guta. Kumbe hana ofisi, ni mwizi mwenzangu. Nimetubu. Wenzangu wanasema dhambi imehamia kwake. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam. Haijahama. Mtume (s.a.w.) amesema mkono una dhamana ya ulichokichukua mpaka ukirudishe, wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Wanavyuoni wamelizungumzia hata hili la mnyang'anyi aliyenyang'anywa: mwenye mali ana hiari ya kumdai yeyote kati yenu. Ukilipa wewe, una haki ya kumfuata huyo wa daftari, maana mali imeishia mkononi mwake. Kumpata ni shughuli nyingine.

Lakini ndugu yangu, hilo daftari lisikuzuge. Mwenye dagaa angeulizwa vile angedai kitambulisho, angepaza sauti mpaka wapagazi wajae. Wewe ulinywea kwa sababu mzigo haukuwa wako, na yule bwana alikusoma usoni kabla hujajibu. Ujasiri wake wote aliuazima kwenye hofu yako. Allah anasema katika Sura Fatir, aya ya 43, kwamba vitimbi viovu havimzungukii ila mwenyewe aliyevifanya. Na yeye yumo humo humo, asijione mjanja.

Zile elfu ishirini usizihesabu katika hasara. Ulizitoa kwa nia ya hongo, na Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji. Zina toba yake.

Kurudisha si lazima ujitangaze. Tuma mtu mwaminifu ampelekee mwenye mali, aseme tu: "Hii ni haki yako." Kama amefariki, wape warithi wake, ukiwakosa wote baada ya kutafuta kweli kweli, toa sadaka kwa niaba yake. Wala usipeleke bei ya siku ile ukadhani umemaliza. Dagaa wanapatikana sokoni, kwa hiyo ni gunia kwa gunia, tena dagaa walioiva jua kama wale wake, si wale walionyeshewa wakiwa wameanikwa.