The Expanse ilifufuka, Firefly ikabaki kaburini: kwa nini?

Mkuu, unauliza mbona hizi tamthilia mbili za Marekani za safari za anga za juu zote zilipigwa chini, zote zina mashabiki wakali, lakini moja tu ikapona. Mimi nimeshatia sahihi maombi ya kuokoa tamthilia mpaka nimechoka, na karibu yote hayakuzaa kitu. Siku hizi tamthilia mpya ikianza nasubiri yale maandishi madogo ya mwishoni yanayopita mbio, nasimamisha picha, naangalia mwenye mali ni nani, na kama ana undugu na kituo kinachoionyesha.

Firefly ilitengenezwa na kuonyeshwa na jamaa wa nyumba moja, Fox: studio yao, kituo chao cha televisheni. Wakiichoka, hakuna mtu wa tatu mwenye shida ya kuipeleka sokoni. Studio ya Universal walikuja kutoa filamu yake mwaka 2005, basi, televisheni ikaishia hapo.

The Expanse ilikuwa mali ya Alcon, kampuni ya kutengeneza filamu na tamthilia. Kituo cha Syfy walinunua haki ya kuionyesha kwanza kwenye televisheni ya Marekani tu, kwa hiyo aliyeitazama kesho yake mtandaoni hakuwaingizia kitu cha maana. Wakaiacha Mei 2018. Alcon hawakukaa kulia, wakatafuta mnunuzi, na kabla mwezi haujaisha Amazon wakaichukua. Ikaongezewa misimu mitatu. Mashabiki walirusha hadi ndege yenye bango, na nadhani ilisaidia, maana kulikuwa na mtu wa kuuza na mtu wa kununua.

Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Zikimwamsha, kwa kawaida hampi mgeni zaidi ya chai. Mwaka 2007 mashabiki wa tamthilia ya Jericho waliwamwagia kituo cha CBS tani zipatazo 20 za karanga, kisa neno moja la mhusika mkuu, "Nuts!", ambalo kwa Kiingereza pia ni karanga. Wakapewa vipindi saba. Watazamaji hawakuongezeka, ikakatwa tena 2008.

Halafu kuna idadi, ambayo wengi tunaisahau. Star Trek, tamthilia nyingine ya anga za juu, ilikufa 1969 ikiwa na vipindi 79, vya kutosha vituo vidogo kuirudia kila siku, na huko ndiko ilikopata umati. Firefly ilikuwa na 14. Fox walionyesha 11, tena kipindi cha kwanza wakakiweka mwisho! Seti yangu ya diski imevipanga sawasawa. Naanza Ijumaa usiku, Jumapili mchana nimeshamaliza.