Kuhusu ile picha yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama ukubali ofisi yenu ya mawakili ikuingize kwenye kamati ya usawa wa kijinsia na kuweka picha yako, na joho lako, kwenye tovuti yao. Mambo ya tovuti siyajui. Ninachokijua mimi ni kesi ya shamba la bibi yako kule Pongwe.

Wakili wetu alikuwa yule mzee wa miwani. Lakini kila kesi ikitajwa, alikuja binti mmoja, wakili mchanga: "Mheshimiwa, nashika mikoba ya wakili msomi, naomba tarehe nyingine." Yaani anasimama tu badala ya mzee. Ndiye aliyefika shambani, akavuka mfereji viatu mkononi, akahesabu minazi na bibi yako, mmoja mmoja. Siku ya kusikilizwa, mzee akaja mwenyewe, akasema mpaka wetu ni barabara. Barabara! Binti akamvuta joho, "Ni mfereji, mzee." Akamkung'uta kama anafukuza nzi. Bibi yako uvumilivu ukamwisha, akapaza sauti kutoka kwenye benchi: "Mpisheni huyo binti aseme!" Hakimu akatishia kumtoa nje. Kile kipande cha kati ya barabara na mfereji nani anakivuna leo, unajua mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kila siku: wakili ni anayesimama na kusema. Julie Manning, mwanamke aliyesomea sheria, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria wa Tanzania mwaka 1975, kwa hiyo mtu asiniambie wanawake waliosomea walikuwa hawapatikani. Walikuwepo. Wanaomba tarehe.

Mambo yamesogea, sikatai. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Bibi yako leo angesomewa hukumu akaielewa bila kumwuliza mtu. Na nisingemwona yule binti na joho lake, ningekupeleka sheria kweli? Labda kuna msichana huko Muheza ataiona picha yako naye apate wazo. Labda. Lakini yule binti joho alikuwa nalo, na halikumsaidia kusikika.

Basi, uamuzi ni wako, sikwambii ukatae. Ila kabla hujapigwa hiyo picha, muulize bosi wako kesi ya Korogwe ya mwezi ujao anasimama nani. Akisema wewe, vaa ile suti ya buluu. Ya kijivu inakuzeesha.

Mama yako