Kabla Ubishane Kuhusu Naibu Rais Kufutwa, Pitia Hapa Kwanza

Kwa grupu yetu ya WhatsApp ya mtaa, kila mtu akiandika "si Rais amfute tu naibu wake" mimi ndio huitwa kujibu, juu wanajua Katiba iko kwa simu yangu. Nimechoka kurudia, kwa hivyo naandika hapa nikiulizwa tena nitume linki.

Rais wa Kenya hana uwezo wa kumfuta naibu. Wazee wetu wakisema hivyo wanakumbuka enzi za Moi, makamu wake George Saitoti alipigwa kalamu Agosti 2002 na maneno yakaishia hapo, hakuna hoja wala kura. Katiba ya 2010 ilibadilisha hiyo: kifungu cha 148 kinasema mgombea mwenza anaingia kwa kura ile ile ya Rais, na anatoka tu mwingine akiapishwa, ama yeye mwenyewe akiwa Rais, ajiuzulu, afariki, ama aondolewe.

Sasa ukifungua 150 usiishie hapo. Ni fupi, inataja sababu (ugonjwa wa mwili ama akili, kuvunja Katiba ama sheria vibaya sana, dalili nzito kwamba amefanya uhalifu, mwenendo mbaya kupita kiasi) halafu inakurusha 144 na 145, ambazo zimeandikwa kama za Rais peke yake, na hapo ndio wengi hufunga simu wakidhani wamepotea. Soma tu, pale penye Rais weka Naibu. Kwa 145, yaani makosa si ugonjwa, hoja lazima iungwe mkono na thuluthi moja ya wabunge, ipite kwa thuluthi mbili ya wote 349, yaani 233, Spika ampashe mwenzake wa Seneti ndani ya siku 2 na Seneti ikutane ndani ya siku 7.

Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 282 walimpigia Rigathi Gachagua, naibu wa Rais Ruto wakati huo, kura ya kuondoka na usiku huo watu wakaanza kumuita aliyekuwa Naibu Rais, bana tulibishana! Bado alikuwa ofisini. Kura ya Bunge ni kama mashtaka, anayemtoa ni Seneti, na ilimtoa tarehe 17. Sababu zilikuwa 11, maseneta wakakubali 5, lakini hata moja ikifika thuluthi mbili, yaani maseneta 45 kati ya 67, inatosha, kwa hivyo ukisikia mtu akijigamba ati zile zingine zimeanguka usitishike.

Kujiuzulu nako kuna kichekesho: Rais akijiuzulu anamwandikia Spika, lakini naibu anamwandikia Rais, yule yule mmekosana naye. Asipoweka tarehe, barua inaanza kazi saa sita mchana siku inayofuata kufikishwa. Mimi naona ukiona hesabu ya Seneti imekukataa barua ni afadhali, maana kifungu cha 75 kinamfungia kazi zingine za Serikali aliyetolewa kwa kukiuka maadili ya uongozi, na hiyo haifutiki kwa mkutano wa hadhara. Najua kuna watakaonipinga na ni sawa.

Nafasi ikibaki wazi Rais ana siku 14 za kuteua na Bunge siku 60 za kupiga kura. Kithure Kindiki, aliyechukua nafasi ya Gachagua, aliteuliwa na kupitishwa siku moja, tarehe 18 Oktoba, halafu mahakama ikasimamisha mambo na akaapishwa 1 Novemba. Na hiyo tarehe uishike, kwa sababu kifungu cha 149 kinasema ukiingia zikiwa zimebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi unahesabiwa muhula mzima, na uchaguzi ni Agosti 2027. Piga hesabu mwenyewe: naibu haruhusiwi zaidi ya mihula miwili, na kwa Kindiki mmoja tayari umeandikwa, amebakisha mmoja tu wa unaibu.