Jibu: Nakamua tu, maziwa yanazidi kupungua
Pole mama mwenzangu. Umesema mtoto hashiki ziwa, unamkamulia mara nne kwa siku na maziwa yanapungua. Anzia hapo: mara nne ni chache mno. Ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa, kwa hiyo fikisha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usiruke.

Pampu yangu ya kukamulia ikiacha kutoa, namalizia kwa mkono: dole gumba juu, vidole chini, nyuma ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha minya. Mara nyingi bado yanaruka!

Chuchu ikiuma, huenda kikombe cha pampu (kile kinachokaa juu ya chuchu) si saizi yako.

Maziwa yakae nje yasizidi saa 4 (kwa joto la Dar, pungufu), friji siku 4. Uzito wa mtoto ufuatilie kliniki.