Mafuta yakiwaka jikoni usimwage maji: nilichojifunza siku karai langu liliposhika moto

Wiki iliyopita jirani kaja kuazima mwiko, akaona jikoni kwangu karibu na mlango nimening'iniza mfuniko mkubwa wa sufuria ya pilau, akauliza mbona sufuria yenyewe haipo. Nikamwambia huo mfuniko ndo mlinzi wangu. Hakunielewa, ikabidi nimsimulie yote, na baada ya kumsimulia nikaona bora niandike na hapa maana nina uhakika nyumba nyingi bado zinafanya kosa lile lile tulilofanya sisi.

Ilikua Ramadhani, kama saa kumi na moja jioni, nakaanga sambusa za futari kwenye jiko la gesi. Karai dogo tu, mafuta ya alizeti kama lita moja na nusu. Simu ikaita sebuleni nikaenda kupokea, moto nimeuacha mkubwa, nikaongea weee mpaka nikasikia harufu. Narudi nakuta moshi wa bluu bluu umejaa, macho yanawasha, na kabla sijafika jikoni mafuta yakashika moto yenyewe, yaani sikuona moto wa jiko ukiruka kuingia kwenye karai, uso wote wa mafuta uliwaka kwa mara moja. Mdogo wangu alikua hapo hapo anaosha vyombo, akasema "dada pisha", akachota kikombe cha maji kwenye ndoo akamwaga.

Jamani. Ule mlio sijausahau mpaka leo. Moto ulipanda mpaka kwenye silingibodi, ukatanuka pale juu kama mwavuli, na matone ya mafuta yanayowaka yakaruka kila upande. Mdogo wangu aliungua mkono wa kulia kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Nilimvuta shati tukatoka nje wote, na nilipochungulia nikaona moto umeshuka umerudi ndani ya karai unaendelea kuwaka. Hapo ndo nikachukua mfuniko wa pilau, nikaushika mbele yangu kama ngao, nikautelezesha kuanzia upande wangu kwenda mbele mpaka ukafunika karai lote, halafu nikazima jiko. Moto ukafa hapo hapo. Baada ya kama dakika moja nikafunua kidogo kuangalia, ukawaka tena! Nikafunika, safari hii sikugusa kitu mpaka baada ya magharibi.

Nilikaa na maswali mengi sana. Kwanini mafuta yawake bila kuguswa na moto, kwanini maji ambayo tunajua ndo adui wa moto yaliufanya uwe mara kumi, na kwanini ulirudi nilipofunua. Miezi michache baadae kazini kwetu wakamleta askari wa zimamoto atufundishe, nikamganda kwa maswali mpaka wenzangu wakachoka, na mengine nimeyasoma mwenyewe.

Cha kwanza kilichonifungua macho ni kwamba kinachowaka na kutoa mwali sio mafuta wala nta wala ukuni, ni mvuke unaotoka humo. Ukitaka kuamini fanya hivi. Washa mshumaa, uache dakika kadhaa, halafu uzime kwa pumzi, utaona uzi mweupe wa moshi unapanda kutoka kwenye utambi. Haraka leta njiti ya kiberiti inayowaka uguse ule moshi sentimita mbili tatu juu ya utambi, moto utashuka wenyewe kwenye ule uzi mpaka kwenye utambi na mshumaa utawaka bila wewe kuugusa. Ule moshi mweupe ni nta iliyogeuka mvuke. Mwanasayansi Michael Faraday aliwaonyesha watoto jambo hili hili kule London, mwishoni mwa mwaka 1860, na mpaka leo sijaona njia rahisi zaidi ya kumuelewesha mtu moto ni nini. Nimewaonyesha watoto wa dada yangu, walitaka nirudie mara sita.

Sasa linganisha mshumaa na jiko la mkaa. Mshumaa ukiupuliza unazimika, mkaa ukiupepea unakolea. Nilikua naliona hili tangu utoto na sikuwahi kujiuliza. Kumbe mwali wa mshumaa ni mvuke mwepesi, pumzi inausukuma mbali na utambi na joto linapotea. Mkaa wenyewe ule mvuke ulishatoka kule kwenye tanuru wakati unachomwa, kilichobaki ni kitu kigumu kinachowaka kwenye ngozi yake, upepo hauwezi kukisukuma popote, unakiletea oksijeni tu. Ndo maana moto unahitaji vitu vitatu, kitu cha kuungua, hewa, na joto, na vikishakutana joto la moto linatengeneza mvuke mwingine, mvuke unawaka, unaleta joto lingine, mzunguko unaendelea. Kuzima moto ni kuondoa kimojawapo au kuukata ule mzunguko. Swali la maana kila unapoona moto ni hili: hapa naweza kuondoa kipi bila kuongeza balaa?

Turudi kwenye karai. Mafuta ya kupikia yakipita kama nyuzi 200 na kidogo yanaanza kutoa moshi, hiyo ndo taarifa yako ya mwisho, zima jiko. Ukiendelea kuyachemsha yakafika karibu nyuzi 350 na kuendelea yanajiwasha yenyewe, hayahitaji kiberiti. Maji yanachemka kwa nyuzi 100. Kwahiyo kile kikombe alichomwaga mdogo wangu kilikutana na kitu cha moto zaidi ya mara tatu ya hapo, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta yalizama chini, na huko chini yakageuka mvuke papo hapo. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700. Piga hesabu, kikombe kimoja cha robo lita kinataka nafasi ya lita mia nne na ushee, yaani mapipa mawili makubwa, vyote vinatokea ndani ya lile karai kwa mpigo. Ule mvuke ukayarusha mafuta juu yakiwa matone madogo madogo, na tone dogo linazungukwa na hewa pande zote, linawaka mara moja. Ule mwavuli niliouona kwenye dari ndo huo.

Mfuniko ulifanya kazi kwa sababu ulikata hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21, na ikishuka mpaka kama 15 au 16 miali mingi haiwezi kuendelea, kwahiyo moto uliofunikwa unakula hewa yake wenyewe mpaka unakosa. Ila mafuta bado yana joto lile lile! Ukifunua mapema unayarudishia hewa na yanajiwasha upya kama ilivyonitokea. Funika, zima jiko, ondoka, kaa nusu saa au zaidi. Na usije ukabeba karai linalowaka kukimbilia nalo nje, mwali unakurudia usoni, unaliachia, mafuta yanakumwagikia miguuni na mlango wote unawaka.

Kama mfuniko hauna, sinia la bati linafaa, au taulo la pamba lililoloweshwa likakamuliwa vizuri mpaka lisidondoshe hata tone, kitenge cha nailoni hapana kinayeyuka. Watu wengine wanamwaga unga wa ngano. Usithubutu. Unga ukiwa kwenye mfuko umetulia, ukirushwa hewani juu ya moto kila chembe inakua kama lile tone la mafuta, unawaka kwa kishindo.

Mtungi wa kuzimia moto wa poda unasaidia, ninao mmoja sasa, ila simama kama mita mbili maana ukiupiga karibu unayarusha mafuta. Vuta pini, lenga chini moto unapoanzia na sio kwenye miali ya juu, bonyeza, fagia kushoto kulia. Mitungi midogo ya nyumbani inaisha ndani ya sekunde kama kumi, huna muda wa kujaribu jaribu. Poda inakata ule mzunguko wa moto lakini haipoozi mafuta, kwahiyo yanaweza kuwaka tena. Kwenye majiko ya hoteli kuna mitungi yenye dawa maalum ya majimaji kwa ajili ya mafuta ya kupikia, na hiki kitu kilinifurahisha sana kukijua: ile dawa ikikutana na mafuta ya moto inayageuza kuwa povu la sabuni, kabisa, ni kazi ile ile ya akina mama wanaotengeneza sabuni za mche kwa mafuta na kostiki soda, povu linafunika juu na linapooza kwa pamoja.

Maji sio mabaya lakini. Moto wa nguo, karatasi, mbao, godoro, maji ndo yenyewe, yanafyonza joto kuliko karibu kitu chochote utakachopata nyumbani. Godoro ukilizima litoe nje kabisa, moto unajificha ndani ya sponji masaa mengi, na moshi wake ni sumu, ukijaa chumbani inama utambae, hewa ya kuvuta iko chini. Umeme zima kwanza meinswichi kabla hujafikiria kumwaga chochote.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni inatambaa hadi chumba cha pili. Ukisikia ile harufu (imewekwa makusudi, gesi yenyewe hainuki) usiwashe taa, usizime feni, swichi ina cheche ndogo usizoziona. Funga koki, fungua milango na madirisha, toeni watu. Petroli ni hatari kuliko mafuta ya kupikia kwa kuwa haihitaji kupashwa moto hata kidogo, inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali, na huo mvuke nao unatambaa chini. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka watu wakaenda kuchota na madumu, likalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Kila nikiona mtu amechota petroli kwenye chupa ya maji namkumbuka kila mmoja wa wale. Hapo hakuna cha kuzima, ni kukaa mbali na kuzuia wengine wasisogee.

Namba ya zimamoto Tanzania ni 114. Wapigie mapema, usisubiri moto ukushinde, na ukipiga waelekeze kwa alama, msikiti gani, kituo gani cha daladala, mtu mmoja asimame barabarani kuwapokea.

Na mkono wa mdogo wangu. Majirani walikuja kwa upendo, mmoja na dawa ya meno, mwingine na yai, na mi sikujua nikaacha wapake. Hospitali nesi alianza kwa kuibandua ile dawa ya meno iliyokaukia kwenye kidonda, mtoto analia na mi nalia. Dawa ya meno, yai, siagi, vyote vinafungia joto ndani na vinaleta uchafu. Kinachotakiwa ni maji ya kawaida ya bomba, sio ya barafu, yatiririke kwenye kidonda dakika 20 kamili, hata kama maumivu yamepungua endelea, maana nyama inaendelea kuungua ndani wakati moto umeshaondoka. Vua pete na saa kabla hapajavimba, nguo iliyoganda kwenye ngozi iache, malengelenge usiyatoboe, funika na nailoni safi au kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Kama ni usoni, kiganjani, kwenye kiungo, sehemu za siri, ni mtoto, au eneo ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, usikae nyumbani, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.